Sifa za Ada ya Mtahini wa Marubani

Miongoni mwa gharama zinazombebesha mzigo mtu anayetafuta leseni ya rubani binafsi nchini Marekani, yaani leseni inayomruhusu kurusha ndege ndogo kwa shughuli zake mwenyewe pasipo kulipwa, hakuna inayotukanwa kama ada ya mtahini, na ni dhuluma kwamba ada hiyo haijapata mtetezi hadi leo. Mafuta huungua yakaisha na kodi ya ndege husahaulika, lakini ada hii, ambayo si ajabu kufikia dola 800 na mahali pengine kuvuka 1,000, hukumbukwa na mlipaji hadi uzeeni, na kumbukumbu ya kudumu namna hiyo haiwezi kuitwa ghali.

Asili yake ni tukufu. Sheria inairuhusu Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga, maarufu kwa herufi FAA, kukasimu kazi ya kutahini kwa raia wenye uzoefu, ambao si waajiriwa wa serikali na ambao hupanga wenyewe kiasi watakachotoza. Wapo pia wakaguzi wa serikali wanaoweza kufanya kazi hiyohiyo bila kudai hata senti, ila kupatikana kwao ni nadra mno, ilhali mtahini wa kulipwa, baada ya kuombwa, kusubiriwa na kuombwa tena kwa wiki kadhaa, hupatikana. Wapo wanaoitaka ada taslimu, na hapo bahasha hukabidhiwa juu ya meza, mchana kweupe, jambo ambalo si kila bahasha duniani inaweza kujivunia.

Kinachonunuliwa kwa fedha hizo ni kimya. Mwanafunzi aliyetimiza saa 40 za kuruka, ambazo ndizo kima cha chini cha kanuni, amezoea kuwa na mkufunzi anayemkumbusha, anayemkemea na anayeshika usukani mambo yanapoharibika. Mtahini hakumbushi wala hakemei. Kanuni zinaeleza kwamba kwa kawaida yeye si rubani kiongozi wa safari hiyo, na papo hapo zinamwondoa katika masharti ya kubeba abiria, kiasi kwamba akiwa angani mtu huyu si rubani wala abiria, bali ni mzigo wa aina ya pekee, unaosafirishwa bure na kisha kulipwa nauli.

Thamani ya mzigo huo huonekana zaidi ndege inapolazwa bawa kwa nyuzi 45 ili izunguke duara kamili, zoezi ambalo ndani yake mwinuko haupaswi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya futi 100. Mtahini huitazama mishale ya saa za mwinuko na mwendo kama mpishi anayesubiri maziwa yachemke, asiseme neno. Baadaye, mwanafunzi anapoanza kupumua, mkono wa kushoto wa mtahini hukisogelea kishikio cheusi cha nguvu ya injini, hukivuta taratibu hadi mngurumo ufifie, kisha huuliza, bila kugeuza shingo, ndege hii iliyokwisha kufa injini itatua shamba gani. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa hawakuitaja bei yake.

Wenye inda hudai kwamba anayelipwa hawezi kuwa hakimu mwadilifu. Jibu ni jepesi: ada hulipwa mtu afaulu au asifaulu, hivyo mtahini hana cha kupata kwa kumpendelea yeyote. Ni kweli kwamba aliyeshindwa, kwa mfano kwa kugusa ardhi kabla ya alama iliyochaguliwa katika zoezi la kutua kwenye uwanja mfupi, au kwa kuipita kwa zaidi ya futi 200, hurudi kwa mkufunzi, hufundishwa upya, na mara nyingi hulipa tena ili atahiniwe, na kwamba hesabu hiyo inaelekea kuutia uadilifu majaribuni. Lakini sifa haitakiwi kuchunguza hesabu kwa karibu mno.

Aliyefaulu hupewa cheti cha muda, karatasi inayotumika kwa siku 120 hadi kadi ya plastiki ifike kwa posta. Kadi hiyo haina picha ya mwenye leseni, na badala yake ina sura za ndugu Orville na Wilbur Wright, ambao tarehe 17 Desemba 1903 waliruka katika mchanga wa North Carolina bila mtahini na bila ada, na safari yao ya kwanza, kama ilivyotarajiwa, ikakatika kwenye sekunde ya 12.