Pokeeni Mbuzi Wangu

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Viza, pale dirishani Kampala,

Salamu kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Barua yako ya tatu imenifikia, nayo ina adabu kuliko zile mbili za kwanza. Unasema hujaridhika kwamba nitarudi nyumbani. Kwa sentensi hiyo nimelala Kasindi, nimevuka mpaka wa Mpondwe, nimelipa dola. Hizo dola, ajabu, hamkuziuliza kama zitarudi.

Nilitaka kuchuma matunda kwenu msimu mmoja tu. Vijana wa Ulaya hupewa viza ya likizo yenye kazi ndani yake. Australia inaitoa tangu 1975, na siku 88 za shambani huwapatia wengi wao mwaka wa pili. San Marino imo kwenye orodha yao, nchi ambayo ingeenea katika kartie chache za hapa kwetu. Afrika nzima haimo. Ukiwaona Waaustralia, waambie watuongeze, hata kwa penseli.

Ombi langu hasa ni hili. Kwa kuwa mchumba na shamba la kakao havikutosha kuwa sababu ya kurudi, pokeeni mbuzi. Ni jike mweusi, wa mwisho katika mahari yangu; wakwe wanamsubiri. Afungwe kwenye mlingoti wa bendera, kwa kamba ndefu, maana hapendi kubanwa. Apewe majani ya viazi vitamu, asiguse maua yenu. Karatasi asipewe kabisa: barua yako ya pili aliila, akaumwa tumbo siku nzima. Kila Jumatatu utie sahihi kwamba yupo. Muulize Mnande yeyote: mtu aliyeko ng'ambo anaweza kumsahau ndugu yake, lakini mbuzi wa mahari?

Ila unajua vizuri unachoogopa. Serikali yako imewaonya raia wake wasikanyage Beni, kwa sababu ya wauaji. Mama yangu mdogo huenda shambani kule Mbau kila alfajiri, na jembe na sala. Habari zilezile zinamzuia mzungu asije, na zinanizuia mimi nisitoke. Maturubai ya msaada mnatuletea. Mikono yetu hamwitaki.

Samahani, kalamu imeteleza. Naomba pia benchi kwenye foleni, na picha zangu sita mnirudishie.

Jibu mapema, Mheshimiwa. Mbuzi ana mimba, na sitaki kujaza fomu upya kwa ajili ya watoto.

Wako mtiifu,
Mwombaji wa mara ya nne