Meli Iliyouawa kwa Ajili ya Harusi

Hakuna chombo cha Ziwa Tanganyika kilichovunjiwa heshima kama Liemba. Kila inapooneshwa The African Queen, filamu ya mwaka 1951, meli ya kivita ya Kijerumani iliyobuniwa kwa mfano wake inapasuliwa na mlevi mmoja na dada wa mmisionari, tena mara tu baada ya nahodha kuwafungisha ndoa na kuamuru wanyongwe. Bwana harusi, Humphrey Bogart, aliondoka na Oscar. Meli haikupewa hata pole. Silaha yenyewe ni mitungi miwili ya oksijeni iliyojazwa baruti na kuchomekwa puani mwa kimashua chakavu. Kumbe kisa cha kweli kinachekesha zaidi. Meli hiyo, Graf von Götzen kwa jina la wakati huo, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ndipo ikaunganishwa upya. Julai 1916 Wajerumani walielemewa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nene isiliwe na kutu. Wauaji gani hao, wanaompaka marehemu mafuta wakitarajia ataamka? Na akaamka: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, ikabeba abiria na dagaa hadi karne ya 21.

Kwa nini basi filamu ikaacha utamu huo? Kwa sababu mapenzi ya msituni hayavumilii wenyeji. Mapema kabisa kijiji kinachomwa moto, na tangu hapo mto unabaki na mbu, ruba na askari wa kuwafyatulia risasi wapenzi. Wangebaki watu, shangazi mmoja tu angesimama ukingoni kuuliza yule mwanamume ni wa nani na posa imepelekwa wapi, na safari ingeishia hapo. Hata msitu wenyewe unaweza kubadilishwa: Romancing the Stone, filamu nyingine ya mapenzi ya msituni ya mwaka 1984, inadai iko Kolombia, picha zikapigwa Meksiko.

Wapo watakaosema The African Queen ni mzaha tu, tusiukazie macho. Lakini vichekesho vya mapenzi, popote pale, hunoga kwa wakwe na majirani; kuwafukuza wote ni kujinyima vicheko. Wengine watasema wenyeji wa Kongo na Uganda walishirikishwa katika upigaji picha wa filamu hiyo. Ni kweli, na sehemu kubwa waliyopewa ni kukaa kanisani, mwanzoni mwa filamu, wakigugumiza wimbo wa dini kama watu wasiowahi kusikia muziki. Mitungi kuizamisha meli naweza kuimeza. Kanisa zima la Waafrika lisilo na hata mmoja anayeweza kuishika sauti, hapana.