Redio Isiyoshika Stesheni

Mtu akitaka kujua majirani wa Kirumba, Mwanza, wanapika nini na wanachoma nini, asijisumbue kwenda kwa balozi. Atundike kipimo cha hewa. Changu kiko ukutani chini ya paa, karibu na njia ya kushukia Mwaloni, na kazi yangu ni kukitunza, yaani kubishana nacho.

Sensa yake ya vumbi ina feni ndogo inayovuta hewa mbele ya mwanga wa leza. Chembe zikipita, mwanga unatawanyika, nayo inahesabu. Haina habari kama kilichopita ni moshi au ukungu wa alfajiri kutoka ziwani. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kwa makundi hadi mgeni adhani meli inaungua. Usiku wanafuata taa; asubuhi wamejazana kwenye wavu wa kuingizia hewa, na buibui, ambaye Mwanza hajawahi kulala njaa, ameshatanda hapo hapo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri chembe ndogo za PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Changu, mguu wa buibui ukikatiza leza, kinatangaza mamia, na mtaa mzima umelala salama. Dawa yake ni brashi laini.

Sensa ya gesi ndiyo yenye visa. Ndani ya kikopo chake kuna asidi na vipande vya metali. Kaboni monoksaidi ikiingia unazalika umeme kiduchu, na huo ndio unaogeuka namba unayoisoma. Ila pua yake haichagui. Siku moja namba ilipaa ghafla, nikatoka mbio kutafuta jiko la mkaa. Nikamkuta mama mwenye nyumba ameshika kitambaa.

"Shikamoo mama. Kuna mkaa unawaka?"

"Marahaba. Mkaa wa nini saa hizi? Nimekusafishia redio yako."

"Kwa kitu gani?"

"Spiriti. Huoni inavyong'aa?"

Mvuke wa spiriti nao huipandisha sensa hiyo. Nikaacha upepo ufanye kazi yake, mama akinitazama kama mtu aliyetenda hisani asishukuriwe.

Hata zisipofutwa kwa spiriti, sensa hizi huzeeka. Baada ya miaka miwili mitatu nguvu inaisha, na kabla ya hapo namba zinaanza kuhama polepole, ndiyo maana huwekwa kando ya mashine ya kuaminika zaidi zilinganishwe. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeunda vipimo vya kuhimili vumbi, joto na umeme wa kukatika, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Hongera zao, lakini bodaboda haina mama mwenye nyumba.

Juzi jioni namba zikapanda tena, za vumbi na za gesi kwa pamoja. Nikapanda ngazi. Wavu safi, feni inazunguka, waya umekaza, buibui hayupo. Nikiwa bado huko juu nanung'unika, mama akasogea kwenye uzio wa jirani, akavuta pumzi mara moja tu.

"Wewe baba! Unachoma godoro? Zima hilo! Redio imeshakutaja!"