Noti Mpya, Chenji Hakuna

Machi 2024, simu zetu hapa Obokote, Kongo, zilijaa picha za noti mpya ya Afrika Mashariki, eti inaitwa Sheafra. Jirani yangu, muuza mawese, akatangaza papo hapo kwamba deni langu atalipokea kwa pesa hiyo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakanusha: noti ni za uongo. Deni likabaki la kweli.

Itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini Kampala mwaka 2013. Ilikuwa tuipate 2024. Sasa tunaambiwa 2031. Kila nchi inatakiwa kuwa na akiba ya kuagizia bidhaa kwa miezi minne na nusu. Akiba ya nyumbani kwangu hufika Jumatano.

Mimi sina haraka. Sarafu ya kushirikiana na wageni tunayo tayari: dola, ambayo sidhani Wamarekani wenyewe wanaiheshimu kama sisi. Juzi nilimpa mwenye duka noti ya dola 20. Akaishika kwa ncha za vidole, akaiinua juani, akapapasa kingo zote.

"Papa, hii imepasuka."

Akanionyesha kipasuko ambacho sisimizi asingepita bila kujibana. Basi nikatoa faranga: nyeusi, zimelegea, zinanuka samaki, moja imeungwa kwa plasta. Akazitia mfukoni bila kuzitazama.

Marehemu babu alizoea vituko hivi. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano. Wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya fujo Kinshasa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Babu akalala na milioni tano, akaamka na moja na makuta kadhaa. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya laki moja. Safari hiyo babu hakuhangaika hata kuhesabu.

Kwa hiyo wakubwa wakikaa kikao cha hiyo sarafu moja, wamwite na mama muuza sombe. Akiikataa yeye, hata marais wanane waitie saini, hiyo ni karatasi. Na wachapishe noti ndogo kwa wingi. Nikimpa kubwa hunirudishia chenji ya pilipili, na pilipili sijui Kampala watanibadilishia kwa bei gani.