Uvutaji wa Gari kwa Misingi ya Kitaalamu

Ndugu wakulima, wajumbe wa chama cha msingi, na nyinyi vijana wa bodaboda mliokalia magunia bila ruhusa ya mtunza ghala, itifaki imezingatiwa. Nimesikia malipo ya korosho hayajaingia benki na kwamba mtakuwa hapa hadi jioni. Nikaona si haki kuwaacha msubiri fedha na elimu kwa pamoja.

Mada yangu ni uvutaji wa gari bovu. Najua wengi wenu mmewahi kuvuta magari. Mmevuta tu, hamkuvuta kitaalamu. Tandahimba nzima tuko watu wawili tunaolijua jambo hili kwa kina, na wa pili bado namtafuta. Cheti changu kipo sebuleni, kina muhuri na fremu ya mninga. Wambea wanasema ni cheti cha ufugaji nyuki. Ni kweli. Lakini mtu aliyehamisha mzinga usiku, nyuki wakiwa ndani, atashindwa vipi na gari lisilo na hata betri?

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, injini ya petroli, lita 2.25. Nililinunua Mahuta kwa fedha za msimu ule wa Oktoba 2024, bei ya mnadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo na sote tukaanza kutembea kama matajiri. Mke wangu alitaka tununue simtanki. Nikamweleza kuwa simtanki haina magurudumu.

Ukoo wetu na Land Rover tunajuana zamani. Marehemu baba yangu alikuwa dereva tegemeo wa Land Rover kule Nachingwea mwaka 1947, Waingereza walipoleta Mpango wa Karanga. Na kwa faida yenu, Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa umma Amsterdam, Aprili 1948. Nikifika hapa, mpwa wangu, ambaye siku ya kulivuta gari nilimchukua kama utingo, huwa ananyoosha kidole. Nimemkataza kunyoosha kidole.

Wale Waingereza mimi nawaheshimu. Walikuwa wataalamu. Walileta ramani, wakaleta matrekta, wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani wakavigeuza vya kulimia, wakajenga bandari Mtwara na reli hadi Nachingwea ili ibebe karanga. Kasoro ilikuwa moja tu, karanga zenyewe. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekufa, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Wenyeji waliojua udongo na mvua walikuwepo pale pale. Lakini ukishaanza kuuliza wenyeji, utaalamu wako unabaki wapi?

Sasa tuje kwenye kamba. Mimi sikukurupuka. Nililizunguka gari mara tatu, mikono nyuma, watu wa Mahuta wakitazama. Nikawaambia: bodi la Land Rover ni alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na alumini hailiwi na kutu. Kwa hiyo gari hili halizeeki, na kamba tutaifunga mbele kabisa, kwenye bampa.

Bampa ni la chuma. Bolti zake ni za chuma. Chesesi inayoshika hizo bolti nayo ni ya chuma. Mpwa wangu akajipenyeza chini, akagongagonga kwa spana, akatoka na unga mwekundu kichwani. "Njomba," akasema, "hapa pamekwisha. Tufunge kwenye ekseli." Nikamwambia ule ni udongo wa Mahuta.

Hakukoma. "Na ile leva nyekundu tuiweke katikati." Mliowahi kupanda Land Rover za zamani mnajua, kando ya gia kuna leva mbili fupi, moja kichwa cha njano, nyingine kichwa chekundu. Aliyeniuzia alikuwa ameliegesha kwenye gia ya kwanza, ile nzito, kwa kuwa handbreki ilishasahau kazi yake. Nikamjibu kijana kwamba mimi siongozwi na rangi.

Shemeji yangu akakaa kwenye pikapu yake. Mimi nikashika usukani wa Land Rover, nimekalia mfuko wa salfa kwa kuwa kiti hakikuwepo, kiwiko dirishani. Nikatoa ishara. Pikapu ikavuta. Magurudumu ya Land Rover yakagoma kuzunguka, yakaburuzika na kuchimba mifereji ambamo mtu angeweza kupanda mihogo. Hiyo ni dalili ya gari la maana. Kisha ukasikika mlio mdogo, vumbi likatanda, na mwendo ukawa laini ajabu. Nikaendelea kukata kona kwa muda ambao mpwa wangu anadai ulikuwa dakika tano. Kona zote nilizokata zilikuwa sahihi. Vumbi lilipotua, mkorosho uliokuwa kushoto kwangu ulikuwa ule ule.

Msicheke. Mtunza kumbukumbu aandike kwamba gari liliwasili Tandahimba kwa awamu, na awamu ya kwanza ilikuwa bampa. Shemeji alikuwa amefungulia redio. Alilikokota hadi sokoni, ndipo muuza samaki mmoja akamuuliza chuma chakavu anauza kilo shilingi ngapi.

Muda wa kumsubiri sikuupoteza. Kanuni ya kwanza ya gari ni maji. Na juu huku, kwenye uwanda wa Makonde, maji mnayajua wenyewe: mchanga unakunywa mvua yote, na mama zetu wamekonda kwa kuteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Akapita mama mmoja anasukuma baiskeli yenye dumu la lita 20. Nikalinunua kwa bei ambayo mke wangu haijui hadi leo, nikamimina kwenye rejeta ya Land Rover. Ikavuja. Nikamimina, ikavuja, nikamimina. Mama akasimama akiangalia chini, mchanga ukigeuka mweusi halafu mwekundu tena. Akaniuliza kwa adabu, "Baba, gari lililozimwa nalo linaona kiu?" Nikamfafanulia mzunguko wa maji ndani ya injini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba dumu lake.

Shemeji akarudi. Pikapu, baada ya kwenda na kurudi kwenye mchanga, ilikuwa imechemsha, boneti inafuka. Akashuka akasema neno moja: "Maji."

Hapo nikaona ni wakati mwafaka wa kuzungumzia barabara. Barabara yetu ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi ni kilometa 160, nayo inajengwa kwa lami. Wahandisi wake hawajanipigia simu hata mara moja. Nililichambua suala hilo kwa muda wa saa moja na nusu, na nilipohitimisha pikapu ilikuwa imepoa. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja. Mpwa wangu naye alikuwa amerudi kutoka nyumbani kwa yule mama na dumu jingine, alilopewa bure, na akaijaza rejeta ya pikapu.

Kisha kijana huyo, bila kuitisha kikao, akafunga mnyororo kwenye ekseli, akaingia ndani, akaweka leva nyekundu katikati, akashuka akalisukuma gari kwa bega. Likatembea kama mkokoteni. Mimi sikuona vizuri, nilikuwa najifuta salfa machoni.

Tuliingia nyumbani saa moja usiku, mtu mzima nikiwa wa njano kuanzia kiunoni kushuka chini. Nikaomba maji ya kuoga. Mke wangu akasema yapo kwenye Land Rover.

Nihitimishe. Kwa mila zetu za Kimakonde, mali ya mjomba humwendea mpwa, kwa hiyo mtaelewa kwa nini huyu kijana ana haraka na gari langu. Lipo chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba. Leva nyekundu bado ipo katikati, na nimepiga marufuku mtu yeyote kuigusa, kwa sababu za kitaalamu. Mwenye swali la nadharia anione mimi hapa mbele. Mwenye gari lililoharibika kweli, mpwa wangu ni yule aliyekaa mlangoni, mwenye spana.