Wanamaji wa Kinyinya

Kinyinya, mtaa wetu wa Kigali, ipo kilimani, na kutoka hapa mpaka baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Maji mengi tunayoyafahamu ni ya mvua za Aprili, yanayoteremka bondeni yakiwa na kandambili ya mtu. Hata hivyo, mtaa wetu una uhusiano wake na nchi za mbali. Kwa nusu karne, kuanzia 1965 hadi 2015, mitambo ya Deutsche Welle ilisimama hapa ikirusha matangazo ya masafa mafupi, ya Kiswahili yakiwemo, na watu wa pwani wakayasikia. Kituo kilishafungwa, lakini wakongwe wa mtaa bado wanaelekezea wageni kwa jina hilo. Labda ndiyo sababu kimina chetu, chama cha kuweka akiba, kilipoamua kwamba akiba ya mwaka isiishie tena kwenye mbuzi wa kuchoma, ikalipie safari ya boti, hakuna aliyeona kioja.

Kazi ya kutafuta kampuni nilipewa mimi. "Huyu ni mtu wa pwani," alisema mweka hazina, mama mwenye duka la vyakula ambaye hajawahi kupingwa. "Bahari anaijua." Ni kweli nilizaliwa Tanga, lakini Tanga ya Ngamiani, mtaa wa barabara zenye namba, ambako bahari tulikwenda kuitazama sikukuu, tumesimama mbali, tunakula mihogo. Kwa mantiki ya mama yule, kila mzaliwa wa Musanze angekuwa daktari wa sokwe. Lakini kikao kilikuwa kimeshapiga makofi.

Tulianza na Zanzibar, kwa sababu kila mtu alikuwa na picha yake ya Zanzibar kichwani. Kampuni moja ilikodisha yoti, zile mashua za anasa zenye tanga, vyumba vya kulala na jokofu, kwa bei mbili: pamoja na nahodha, au chombo kitupu mkiendeshe wenyewe. Chombo kitupu kilikuwa rahisi zaidi, kwa hiyo mweka hazina alikuwa ameshaamua. "Nahodha wa nini? Tutashika usukani kwa zamu." Fomu ikataka cheti cha unahodha. Mzee mmoja, dereva mstaafu, akatoa leseni yake ya daraja la D na kuiweka mezani. "Nimeendesha basi la Kampala miaka na miaka," alisema. "Bahari ina nini? Haina hata kona."

Fomu hiyohiyo ilidai dhamana, fedha zinazoshikwa mpaka chombo kirudi bila mkwaruzo, nayo ilizidi akiba ya kimina kizima. Bado tungeweza kubishana, lakini nilifanya kosa la kitaalamu la kuwaeleza habari za upepo: kwamba kaskazi huvuma mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi ikashika katikati ya mwaka, na chombo cha tanga huenda upepo unapotaka.

"Na usipovuma?" aliuliza mweka hazina.

"Mnangoja."

"Na fedha za kukodi?"

"Zinaendelea kuhesabiwa, mama."

Zanzibar ilifia hapo.

Tukageukia Ziwa Kivu, ambako tungeanzia kama tungekuwa na akili. Ni mwendo wa saa tatu hivi kwa basi mpaka Karongi, ziwa ni zuri, visiwa vipo na mamba hakuna. Matangazo nayo yalikuwa tele. Kampuni tatu zilitutumia picha kwenye kundi letu la WhatsApp, na ni fundi seremala wetu, mtu asiyesema sana, aliyezivuta karibu kwa vidole viwili. "Boti ni moja hii," alisema. Mkwaruzo uleule ubavuni, na kijana yuleyule wa shati jekundu amesimama omoni. Kampuni ya tatu ilikuwa imejitahidi kuigeuza picha, maandishi ya ubavuni yakasomeka kinyumenyume. Nilipowauliza boti yenyewe iko wapi, walijibu kwa sauti ya upole kwamba ipo kwenye matengenezo, lakini picha ni yao.

Kampuni ya nne ilikuwa na bei tamu sana. Niliuliza bei ile inajumuisha mafuta.

"Bei ni ya boti, bosi. Mafuta ni ya kutembea."

"Jaketi za kuokolea mnazo?"

"Za kutosha kabisa. Zipo nane."

"Sisi tuko kumi na wanne."

"Si wote mtakaoanguka."

Kampuni iliyobaki ilikuwa ghali kidogo, na nahodha wake alikuwa na tabia ya kuuliza maswali badala ya kujibu: mna watoto wangapi, nani hajui kuogelea, mtafika saa ngapi. Mweka hazina alisema mtu wa biashara asiye na maneno matamu ana kasoro mahali fulani. Tulimchukua kwa sababu ndiye peke yake aliyeonyesha boti yake kwa video, ikielea, naye yumo ndani.

Siku ya safari ilipangwa na mweka hazina, naye alichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Msomaji wa Rwanda ameshacheka. Ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za mtaa, na mabasi hayaondoki mpaka watu wamalize kufyeka na kuzibua mitaro saa tano. Tulifika Karongi jioni, majembe yameacha malengelenge viganjani, tumevaa miwani ya jua na jua lenyewe limeshajificha.

Nahodha alikuwa amesimama ufukweni na buti za mpira. Hakututazama sisi, alitazama milima ya upande wa Kongo, ambako wingu jeusi lilikuwa linajipanga. "Leo hatuendi," alisema.

"Tumelipa!" alifoka mweka hazina.

"Ndiyo, mama. Nataka mbaki hai mje kunidai."

Hapohapo akatokea kijana mwingine na boti yake: yeye anaondoka sasa hivi, kwa nusu ya bei. Nusu ya kimina ilishanyanyua mabegi. Dereva mstaafu alikuwa na mguu mmoja ndani ya boti, mwingine nchi kavu, akitusihi tusiwe waoga. Kilichomrudisha ni harufu ya sambaza waliokuwa wanakaangwa kwenye mgahawa wa jirani. Samaki hao nao ni wageni Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na siku ile walilipa fadhila. Hatujamaliza sahani ya kwanza, mvua ikashuka na ziwa likachafuka. Boti ya nusu bei ilirudi na abiria wengine wamelowa chapachapa, mama mmoja akikumba maji kwa sufuria iliyokuwa na wali.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Tulipewa jaketi kila mmoja, tukaenda kisiwa cha Napoleon, kinachojulikana kwa popo wake, na mweka hazina akasimama chini ya mti wao na kofia nyeupe. Kofia ilirudi ya rangi nyingine.

Kivu si ziwa la kufanyia mzaha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakazama wakiwa wamekaribia kabisa kushuka. Hatari hiyo haionekani kwenye picha ya boti, wala kwenye bei.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya mwisho wa mwaka, acha kuuliza kama kuna muziki na jokofu. Muulize mwenye boti ni lini mara ya mwisho alikataa kuondoka, na kwa nini. Akikupa siku na sababu, mlipe, hata kama ni ghali. Akikujibu kwamba yeye hajawahi kukataa mteja, mshukuru kwa heshima, kisha zima simu kabla mweka hazina wako hajamlipa kwa MoMo.