Kuingizwa Mjini Bila Nauli

Utapeli wa simu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kitendo cha mtu asiyejulikana kujitambulisha, kwa sauti au kwa ujumbe mfupi, kuwa ni afisa wa mamlaka fulani ya serikali, au mhudumu wa kampuni ya simu anayetekeleza agizo la mamlaka hiyo, ili aliyepigiwa atoe kwa hiari yake fedha, namba ya siri, au vyote viwili. Maneno “kwa hiari yake” ndiyo yanayoutenga utapeli na wizi wa kawaida, kwa kuwa mwizi huvunja mlango, ilhali tapeli hupiga hodi, hukaribishwa, na mara nyingine huagwa kwa shukrani. Kiswahili cha mtaani kina msemo wa kulieleza tukio hilo, nao ni “kuingizwa mjini”, yaani kufanywa mjinga na mjanja. Kwa wakazi wa Kinole, kata iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, msemo huo una utata kidogo, kwa sababu wao huteremka mjini Morogoro mara kwa mara na ndizi, mananasi, mafenesi na magunia ya viungo, wakipita Kiroka na Bigwa kwa nauli yao wenyewe, na hawakuwahi kuhitaji mtu wa kuwaingiza.

Ni jambo la kusikitisha, na kwa jicho jingine ni fahari iliyopotea njia, kwamba katika taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ijulikanayo zaidi kwa herufi zake TCRA, mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa mbele ya mingine kwa wingi wa namba zilizobainika katika majaribio ya ulaghai. Mkulima wa Kinole anayepigiwa na “makao makuu Dodoma” huenda basi anazungumza na mtu wa mkoa wake mwenyewe, tena anayenyeshewa na mvua ileile.

Mbinu kongwe katika fani hii ni ule ujumbe usiotaja jina la mtu, unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, ambao husambazwa kwa watu wengi kama mkulima anavyomwaga mbegu za mchicha, kwa matumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa dakika hiyohiyo anahesabu fedha za kumtumia mtu mwingine. Ndugu yake wa karibu ni ujumbe wa “mwenye nyumba” aliyebadilisha namba ya kupokelea kodi. Huu wa pili ukifika Kinole huishiwa nguvu, kwani msomaji wake amezaliwa katika nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, na mwenye nyumba pekee anayemfahamu ni mjomba, ambaye akitaka kitu haandiki ujumbe, bali huja mwenyewe saa ya chakula.

Yumkini udhaifu huo ndio uliowafundisha matapeli kuivaa serikali, maana si kila mtu ana mwenye nyumba, lakini kila mtu ana serikali. Wala hawakulazimika kutunga maneno mapya. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na mwisho wake ukasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, nchi nzima ilisikia kwa miezi sentensi moja, kwamba laini isiyosajiliwa itafungwa, na kweli zikafungwa. Mwaka 2023 sentensi hiyo ilirudi kwa laini ambazo hazikuhakikiwa. Tapeli anapotamka leo kwamba laini itafungwa baada ya dakika kumi, anakariri maneno ya kweli ya ofisi ya kweli, na mchango wake mwenyewe ni zile dakika kumi tu. Vilevile anapomtaja mtu kwa majina yake kamili, hakusoma nyota wala hakufungua jalada la siri, kwa sababu yeyote anayeanza kutuma fedha kwa simu anaweza kuonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha muamala. Hata ile Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20 na kutisha kwa urefu wake, huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, mambo yanayojulikana na kila karani aliyewahi kumjazia mhusika fomu.

Wanahistoria wa Uluguru wanacho hapa kitendawili cha kutafuna. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mlimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, nalo agizo hilo lililetwa ana kwa ana, na watu wenye kofia na mamlaka yote ya dola nyuma yao. Waluguru walilichukia, Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango huo ukaachwa. Wajukuu wa watu hao waliomkatalia bwana shamba machoni pake leo humtii mtu wasiyemwona, anayewaambia wabonyeze nyota, kisha namba, kisha reli. Mtu anaweza kudiriki kusema kwamba, laiti matuta yale yangeagizwa kwa simu, milima yote ingekuwa ngazi kutoka Kinole hadi kileleni.

Kinachomfichua tapeli si uzembe wake, bali uhodari wake wa kazi. Serikali ya kweli, kwa desturi yake ya miaka mingi, haina haraka wala faragha. Inapotafuta kaya masikini za kuingiza katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, majina hupelekwa kwenye mkutano wa kijiji na kujadiliwa mbele ya majirani wanaojua nani ana mbuzi wangapi na nani amewaficha kwa shemeji. Inapotaka fedha hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ndefu ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na fedha huingia katika akaunti ya taasisi, si katika simu ya mtu binafsi hata awe na sauti tamu kiasi gani. Inapomtaka mtu humwandikia barua yenye muhuri, na mtu huyo akifika huambiwa kwamba mhusika ametoka, arudi Alhamisi.

Tapeli hamwambii mtu arudi Alhamisi. Humsalimu, humwulizia familia, humpa pole ya majukumu, simu ikikatika hupiga tena kwa gharama zake, na humsihi asimweleze yeyote hadi shughuli ikamilike. Mwananchi anayejikuta akihudumiwa kwa kiwango hicho ana kila sababu ya kuingiwa na hofu. Kisha hufuata sehemu ya ufundi, ambapo mteja huongozwa hatua kwa hatua kwenye menyu ya fedha ya simu yake, akiambiwa kwamba namba ya mpokeaji ni “namba ya mhudumu” na kwamba tarakimu 185000 ni “namba ya uhakiki”, wakati ukweli ni kwamba hicho ndicho kiasi kinachoondoka, na namba ya siri anayoibonyeza mwisho ndiyo saini yake mwenyewe chini ya hati ya msiba. Jambo hili halina maelezo marefu: kampuni za simu nchini zinapompigia mteja hutumia namba 100 peke yake, na mwenye namba ya tarakimu kumi anayejiita mhudumu ni mtu mwenye laini kama watu wengine.

Isidhaniwe kwamba wepesi huu ni wa milimani tu. Nchini Marekani, wanaojifanya maafisa wa ofisi ya kodi wamefika mahali pa kuwataka watu walipe deni kwa kadi za zawadi, yaani kadi za madukani zenye thamani ya fedha ambazo hununuliwa ili kumtunza mtu kwenye sherehe, na mnunuzi husoma tarakimu zake kwa simu akiamini kwamba amemalizana na taifa lake. Ni sawa na ofisi ya mapato ya hapa kudai kwamba kodi ilipwe kwa mkungu wa ndizi, uachwe chini ya daraja usiku.

Kinole hasa ilipaswa kuwa ngumu kudanganywa katika suala la vyeo, kwa kuwa ni makao ya Kingalu, cheo cha uchifu ambacho pia ni jina, kinachorithiwa kwa upande wa mama, kinachohusishwa tangu zamani na kuomba mvua, na ambacho siku hizi kinasomeka hata kwenye soko kuu la Morogoro mjini. Mtu hawi Kingalu kwa kupiga simu na kujitambulisha. Ukoo humjua, na asiyejulikana na wajomba zake, hata avae nini, hana mvua ya kuomba.

Pamoja na elimu hiyo yote, mwandishi wa insha hii alipigiwa akiwa Kinole na “afisa wa vitambulisho”, na akaitika “naam, mheshimiwa”. Kilichomwokoa ni jiografia. Mtandao, katika kitongoji alichofikia, hupatikana vizuri chini ya mfenesi mmoja ulio kando ya njia, kiasi kwamba kila mwenye jambo la simu hulipeleka hapo, na kwa sababu ya upepo hulisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng’ambo ya bonde. Afisa alinong’ona kwamba suala hilo ni la siri. Mwandishi alipaza sauti kwamba amesikia, ni la siri, na kwamba ameshabonyeza moja. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu, akianika pilipili manga kwenye jamvi, alimwuliza bila kuinua macho.

“Unaongea na nani, mjukuu wangu?”

“Na serikali, bibi.”

“Serikali gani hiyo inayokubembeleza?”

Simu ilikatika kabla jibu halijapatikana, ikaita tena baada ya sekunde chache, na uharaka huo ndio uliomaliza ubishi. Kwenye salio kulikuwa na shilingi 3,700, hivyo ni haki kukiri kwamba katika mkasa huo tapeli ndiye aliyekuwa karibu kupata hasara. Ujumbe aliotanguliza ulipelekwa namba 15040, ambayo TCRA imeitenga kupokea taarifa za ulaghai, na namba yake ikafuata.

Waliookoka ajali ya boti huogopa hata beseni. Siku chache baadaye uliingia ujumbe wenye jina la mwandishi na namba ndefu, ukimjulisha kwamba amesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku, yaani mbolea ambayo serikali hulipia sehemu ya bei yake, naye akaufuta kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kusoma. Ujumbe huo ulikuwa wa kweli. Mtendaji wa kijiji alipopiga kuulizia kwa nini namba haijapelekwa kwa wakala wa pembejeo, aliulizwa jina la mama yake, rangi ya muhuri wa ofisi yake, na kama haoni aibu mtu mzima kuishi kwa jasho la wakulima, kisha akaahidiwa kwamba naye atapelekwa 15040. Mtendaji hakupiga tena, jambo ambalo lingetosha kumthibitisha kuwa ni serikali, ila mwandishi alikuwa amekwisha kujipongeza.

Alikuja mwenyewe siku ya tatu, kwa miguu, kwa sababu bodaboda ilishindwa na tope, akiwa na daftari la wakulima kwapani na shati limemganda mgongoni. Bibi alitaka kwanza kuuona muhuri, akaugeuza, akaunusa wino wake, akaridhika. Mtendaji aliomba maji, akaketi chini ya mfenesi, akalifungua daftari kutafuta ukurasa. Hapo simu yake ikaita. Aliitoa mfukoni, akaitazama ile namba ngeni kwa muda, akaiweka chali juu ya jamvi, kando ya pilipili manga, nao wote watatu wakaiangalia inavyoita mpaka ikachoka.